Jumamosi ya Wakataji na Washonaji

Benchi hili ni langu, niseme mapema, maana wanaolikalia hujisahau. Nililigongagonga mwenyewe ili wateja wakae nikiwashonea viatu. Wateja wenyewe wa kutafuta kwa tochi. Wanaokuja kila siku ni Refa, aliyestaafu kupuliza filimbi lakini hajastaafu kuamua ugomvi wa watu, na Fundi Saa, ambaye hajawahi kufika popote kwa wakati. Birika, muuza kahawa, anatumiminia, naye anajikalia. Leo, saa tano na ushei, akaja Dada Futi, msimamizi wa karakana ya sare ng'ambo ya barabara, futi ya kupimia nguo inaning'inia shingoni, uso umemshuka. Huyu dada tunampenda. Kahawa haombi, anapewa.

— Dada yangu, kuna msiba? — Refa akauliza.

— Bora ungekuwa msiba, watu wangenichangia. Bosi kasema Jumamosi niwapeleke wafanyakazi uwanjani, wacheze michezo, wawe kitu kimoja. Wasipokuwa kitu kimoja, Jumatatu usimamizi anapewa mtu mwingine.

— Kwani sasa hivi ni vitu vingapi?

— Viwili. Wakataji huku, washonaji kule. Hata salamu hakuna. Juzi mashati arobaini yametoka na mikono yote ya kushoto! Wakataji waliona kosa lao, wakanyamaza. Washonaji nao waliona, wakashona hivyohivyo ili wenzao waaibike.

Nikacheka mpaka sindano ikanichoma. Kumbe mwenzangu machozi yanamlengalenga. Nikaona haya. Miaka kumi na mmoja yumo mle ndani, alianza kwa kufagia vipande vya vitambaa.

— Wavutishe kamba, — Refa akasema. — Changanya timu. Mkataji mbele, mshonaji nyuma.

— Mshonaji ataiachia kamba makusudi, mkataji aanguke kifudifudi.

— Basi ule mchezo wa kuaminiana, — akasema Birika. — Mtu anajiachia kwa nyuma, mwenzake anamdaka.

— Tulishaucheza mwaka jana. Fundi wa vifungo akajiachia. Mkataji wake alikuwa anapokea simu.

— Akaumia?

— Wiki nzima alishona amesimama.

Fundi Saa akakohoa. Huyu akikohoa, jua ujinga unapanda ngazi.

— Nyie mnacheza. Wafunge miguu wawili wawili, mkataji na mshonaji, kuanzia Jumamosi asubuhi mpaka Jumatatu. Walale hivyo, waoge hivyo.

— Waoge! Wengine ni wake za watu, we mzee! — Birika akamkemea.

— Basi wabadilishane simu. Siku nzima, mkataji apokee simu za mke wa mshonaji.

— Hapo hutajenga timu, — nikamwambia, — utabomoa nyumba.

— Msituni! — Refa keshasimama, mikono hewani. — Siku tatu, njiti moja ya kiberiti, sufuria haina mfuniko. Anayenuna, kadi nyekundu!

— Akishapewa kadi nyekundu msituni anatoka anaenda wapi? — nikamuuliza.

Refa akakaa. Hilo hakulifikiria.

Dada Futi alikuwa anaandika yote kwenye kikaratasi, hata la kuoga, masikini. Roho iliniuma. Mtu hawezi kuandika upuuzi wa Fundi Saa kama hajafika mwisho kabisa.

Pembeni ya benchi alikuwa amekaa mama mmoja, mgeni kwetu, mguu mmoja peku. Kiatu chake ninacho mimi, soli imeachia. Muda wote kimya. Sasa akainua kichwa.

— Samahani, wanangu, mimi mpita njia tu. Hao watu huwa wanakula pamoja saa ngapi?

Refa akamtazama Fundi Saa. Fundi Saa akanitazama mimi. Mimi nikatazama soli. Birika, anayejua ratiba ya mtaa mzima, akajikuna shingo.

— Wakataji wanakula saa sita, — Dada Futi akasema polepole. — Washonaji saa saba.

— Pamoja, nimeuliza.

— Hawali pamoja, mama.

— Nani aliwagawa?

— Mimi. — Sauti ilikuwa ndogo, nilisogea ndipo nikaisikia. — Ili mashine zisisimame. Bosi alinisifu mbele ya watu wote. Mwaka juzi huo.

— Na kununiana kulianza lini?

Kalamu ilikuwa imesimama juu ya karatasi.

Halafu akainuka.

— Unakwenda wapi? Kahawa hujamaliza! — Birika akalalamika.

— Kuzima mashine. Leo wote wanakula saa sita.

— Bosi atakufukuza leoleo, — Refa akasema, na safari hii hakuwa anatania.

— Anifukuze wakiwa wameshiba.

Akavuka barabara bila kutazama, nusura agongwe na baiskeli. Tukamfuata kwa macho mpaka mlango ukajifunga. Ile karakana inanguruma kutwa nzima, sisi tumezoea kuongea kwa kupaza sauti. Nikajifanya napaka gundi. Mama wa kiatu naye hakuniharakisha.

Ghafla mngurumo ukakatika. Mtaa ukawa mtulivu mpaka nikasikia kahawa ikitokota. Viti vikaburuzwa, sahani zikagongana, kisha kimya, kimya kirefu kilichonifanya nimshike Refa mkono.

Ndipo sauti ya mwanamume ikatoka dirishani, nzito, ya mtu aliyesimama na sahani yake:

— Sogeeni basi, na sisi tukae!