Mzee Kivuli, Aliyepima Saa ya Mnara Akiwa Chini

Ndugu waombolezaji, baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Kivuli kwa kushinda kwake kazini kwenye vivuli vya maghorofa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa nne wa fundi seremala, akasoma shule ya msingi mwaka 1959 hadi 1966, kisha chuo cha ufundi hadi 1970.

Tarehe 2 Februari 1971 aliajiriwa katika kiwanda cha mabango, kazi yake ikiwa kupima akiwa chini vitu vilivyo juu ya maghorofa, kwa utepe, kipimapembe na hesabu, na tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na mama yetu, mshonaji, ambaye hadi leo husema yeye hupima watu kwa kuwagusa, mumewe alipima majumba bila kuyagusa. Walijaliwa binti mmoja na wana wawili.

Juni 1979 alikosea, aliulaza utepe kwenye mteremko wa barabara badala ya kuunyoosha sawasawa hewani, bango la bati likatoka kubwa kuliko fremu yake, akalibeba nyumbani, na hilo ndilo paa la jiko letu mpaka leo.

Kwa hiyo mwaka 1994, alipopewa kazi ya kupima uso wa saa ya mnara ili utengenezwe mpya, mahali ambapo ngazi haikufika, alipima siku tatu kutoka pande tatu, akakataa kutia saini vipimo mapema, na bosi alipomtishia kumfukuza kazi alimjibu, “Bosi, bati moja la kosa ninalo, la pili sina pa kuliweka.” Uso mpya ulipopandishwa uliingia mahali pake mara moja.

Alistaafu mwaka 2011, akaanza kuugua figo Agosti 2023. Aprili iliyopita mafundi waliifikia saa kwa winchi, dada yetu, ambaye ni mpima ardhi, akawaomba waipime, akampelekea baba jibu wodini, kwamba tofauti na kipimo chake cha 1994 ni sentimita moja.

“Imezidi au imepungua?”

“Imezidi, baba.”

“Basi hiyo ni rangi waliyoongeza.”

Alifariki tarehe 9 Mei 2024, saa kumi na moja alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika chini ya bati lile siku hizi tatu, na wenzake wa kiwandani waliokuja na utepe wake.

Baba, saa haijacheza mahali pake. Pumzika kwa amani.