Malachy Devanny na Bendera Nyeupe

Wasikilizaji wapendwa, kamati ya ukumbi wa parokia ya Cloonavarra inatangaza rasmi kwamba chai ya mazishi ya leo itaandaliwa katika chumba kidogo, si kikubwa, kwa kuwa rangi ya kikubwa haijakauka. Tangazo limekwisha.

Tunamkumbuka Malachy Devanny, mfugaji na kocha wa mpira wa Kigaeli, mchezo wetu wa Ireland. Aliwafundisha vijana wa Cloonavarra. Nasema vijana, wasiozidi miaka kumi na sita. Ubingwa wa kaunti hakuupata kamwe. Aliukaribia mara moja, mwaka 1988, na mara hiyo ilimkaa rohoni hadi kifo.

Msimu ule Malachy hakumwamini mtu. Wenyeji wa nusu fainali waliacha nyasi za uwanja zirefuke. Kwake ilikuwa njama dhidi ya vijana wake wenye mbio. Walipojitetea kwamba mashine ya kukatia nyasi imeharibika, alikwenda kuikagua. Ilikuwa imeharibika kweli. Akataka kujua aliyeiharibu.

Fainali ilikuwa dhidi ya Derrymoyle, ng'ambo ya mto. Kwetu mwamuzi huja na watu wake wa kusimama golini kwa makoti meupe na kuamua kama mpira umeingia, mara nyingi jamaa na majirani anaowapakia garini. Siku hiyo mmoja wao alikuwa Colman Gaughan, kaka wa Bríd, mke wa Malachy. Colman alikuwa ameoa Derrymoyle. Narudia: shemeji yake, na ameoa Derrymoyle.

Timu zilikuwa sare. Dakika ya mwisho, kijana wa Derrymoyle alipiga mpira ukapaa juu kuliko ncha ya mlingoti wa goli. Ukipita ndani, kati ya milingoti miwili, ni pointi. Ukipita nje si kitu. Colman alitazama juu, akasita, kisha akapunga bendera nyeupe. Pointi. Derrymoyle wakawa mabingwa.

"Jumapili iliyofuata kaka alikuja kula," anasimulia Bríd. "Malachy akamwambia, 'Karibu shemeji, viazi vimo ndani ya sahani. Au wewe unaviona nje?'"

Tangu hapo walichimba pamoja udongo wa mboji, ule tunaoukausha uwe kuni, kila kiangazi, bila kusemezana.

Mwezi uliopita Colman alikwenda hospitali kumwona Malachy. Bríd alikuwepo.

"Nakufa, Colman. Ndani au nje?"

"Ndani, shemeji."

"Jua lilikuwa machoni pako."

"Lilikuwepo, sikatai."

"Basi uliona nini?"

Colman aliizungusha kofia mikononi. "Niliona watu wa Derrymoyle wanashangilia."

"Na mkeo alikuwemo?"

"Mbele kabisa."

Malachy alimkazia macho. "Huo ndio ukweli, au umekuja kumfurahisha mgonjwa?"

Colman aliivaa kofia, akatoka. Malachy alifariki Jumanne alfajiri, bado akisubiri jibu.

Tunawapa pole Bríd, watoto, na Colman pia, ambaye leo atabeba jeneza kwa amri ya dada yake. Nasi tujiulize, wasikilizaji wapendwa, ni mangapi tumeyaona kwa macho yetu, na ni mangapi tumeyakubali kwa kuwa wengine walitangulia kushangilia.

Kwa maneno hayo ya Colman, klabu ya Cloonavarra iliomba fainali ile ichunguzwe upya. Kamati ya vijana ya kaunti ilikutana jana na kutoa uamuzi: matokeo yatabaki yalivyo, na milingoti yote ya kaunti iongezwe urefu wa mita moja.