Kicheko cha Papa Damien

Ndugu, jamaa na majirani wa Murara, familia inaomba masikio yenu, muda utakuwa mufupi, ingawa marehemu mwenyewe hakuwahi kusimulia kitu kwa ufupi.

Papa Damien Mirindi alizaliwa Kabare, upande wa Bukavu, tarehe 12 mwezi wa tatu 1973, akasoma primaire kulekule, sekondari akaishia mwaka wa tatu, na tangu 2001 aliendesha minibus kati ya Goma na Rutshuru, wala barabara ile haijaona dereva kama yeye, kwani siku moja ukungu uliifunika akafika Kibati akifuata harufu ya makala ya kupikia tu, na abiria hawakubisha, walikuwa wanacheka.

Tarehe 7 mwezi wa nane 2004 alifunga ndoa na Mama Clotilde, Mungu akawapa Aksanti, Mapendo na Miriam, na nyumbani ilijulikana kwamba Papa akitoa hadisi anacheka yeye wa kwanza, ndipo wengine wanamufuata.

Mwezi wa tano 2025 alijikata mguu kwenye jiwe la volcano akijenga ukuta, kidonda kikafura, homa ikapanda, akalazwa. Tarehe 10 asubuhi mwili ulipoa, tukashukuru Mungu, na alipouliza nani amepakia mbuzi kitandani, chumba chote kilicheka, mudogo wake Jephté akasema muzee amerudi, mumupikie bugali. Mama Clotilde peke yake hakucheka, kwa sababu Papa Damien mwenyewe hakuwa amecheka. Akamushika mikono, ilikuwa baridi, akaona anahema mbio kama mwenye kupanda mulima, akakumbuka hajakojoa tangu jana, akamukimbilia muuguzi Charline, tension ya damu ikapimwa, ilikuwa imeanguka.

Daktari alieleza kwamba ugonjwa wa kidonda ulikuwa umeshika mwili mzima, unaanza na homa na moyo kwenda mbio, kisha akili inapotea na figo zinachoka, mwisho tension inaanguka hata maji ya serum ya mushipa hayaiinui, na yeye alikuwa amefika hapo. Walipambana, akatuacha tarehe 11.

Mama Clotilde anaomba hili lisemwe hapa: unayelinda mugonjwa, homa ikishuka lakini maneno yakapotea, usingoje wenzako wamalize kucheka, ita muganga wa hospitali.

Tunashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na madereva wa Rutshuru waliomubeba leo.

Papa Damien, huko ukianza hadisi, cheka kwanza, tujue uko salama. Amani ikulaze.