Sauti ya Achieng', Uso wa Lilian

Bwana apewe sifa, wapendwa wa Kendu Bay, pamoja nanyi wageni mliotoka Ndhiwa. Naitwa Odhiambo, mwalimu wa kwaya ya vijana. Mmezoea kuniona nimewapa mgongo nikiongoza nyimbo. Leo nimegeuka kwa sababu Mungu ameniokoa na dhambi ambayo sikujua ni dhambi. Nilikuwa mtu wa kuchagua nyuso.

Ndugu zangu, mnajua kwaya zetu zinavyotengeneza video. Kwanza tunaenda studio Migori kurekodi sauti. Siku nyingine tunavaa sare, tunasimama kando ya ziwa, wimbo unachezwa kwa spika, na sisi tunafungua midomo tu mbele ya kamera. Nilikuwa nimetazama video za kwaya zingine kwenye simu, na zile zilizopendwa zote zilikuwa na wasichana weupe mstari wa mbele. Nikaona hiyo ndiyo siri.

Sauti ya kwanza kwenye wimbo wetu ilikuwa ya Achieng', binti wa miaka kumi na tisa, mweusi tititi, meno yamepishana kidogo. Ameniruhusu kusema haya. Siku ya video nilimpeleka nyuma ya wavulana warefu wa besi, nikamweka Lilian mbele. Lilian ni silwal, rangi ya maji ya kunde, na anajua kutabasamu. Kuimba, tuseme ukweli, anasaidia tu. Lakini hana kosa. Mimi ndiye niliyemwambia afungue mdomo kwa sauti ya mwenzake. Achieng' alirekebisha kola yake, akasimama pale nilipomwonyesha, nami nikadhani huo ni utii.

Video ilitazamwa kuliko zote tulizowahi kutoa. Nikasoma maoni. Wasichana wa Kendu Bay ni warembo! Yule wa mbele ameolewa? Hakuna hata mmoja aliyetaja wimbo, na ulikuwa wimbo wa toba. Nilifurahi kama mjinga.

Jumapili moja mama yake Achieng', anayeuza visamaki vya omena, aliniomba aione kwenye simu yangu. Alitazama mpaka mwisho, akanirudishia simu kwa mikono miwili. "Mwalimu, hii ni sauti ya mtoto wangu. Yeye mwenyewe mlimweka wapi?" Nikamwambia mambo ya kamera yana utaalamu wake. Nilimdanganya mama wa watu nikiwa nimeshika Biblia.

Wiki chache baadaye Achieng' aliacha kuja mazoezi. Nikaenda kwao kumgombeza. Nilimkuta jikoni amejifunika leso, na alipoitoa niliona mashavu yamebabuka, yanatoa maji. Alikuwa amenunua krimu ya kujichubua sokoni, kopo halina hata jina. Nikafoka, nikauliza ni nani aliyemdanganya. Akaniangalia bila hasira.

"Si nilitaka tu nikuwe brown kidogo, Mwalimu, ndio video ijayo uniweke mbele."

Ndugu zangu, nilikaa juu ya gunia la mahindi nikalia. Miaka yote nimewaonya vijana hawa kuhusu dunia na simu zao, kumbe dunia ilikuwa inawafikia kupitia mkono wangu. Palepale jikoni nilimwomba Mungu msamaha, kisha Achieng', kisha mama yake. Mungu alinisamehe, nami nikasikia mzigo umetoka. Ile video tumeiondoa mtandaoni. Sisemi nimekamilika. Jicho langu bado linakimbilia sura nzuri, kwa hiyo siku hizi siwapangi waimbaji kabla ya kuomba.

Achieng' amepona, ingawa madoa yamebaki. Amenisamehe. Lakini kuimba amekataa. Anasema akifungua mdomo anahisi watu wanatafuta uso.

Namshukuru Mungu aliyenivumilia. Kijana unayejilinganisha na picha za kwenye simu, mwamini yeye aliyekuumba, hakukosea. Na sisi walimu na wazazi, tunaowaita mbele wazuri na kuwasahau wengine, tuje tutubu kabla ya vijana wetu.

Sasa kwaya itaimba wimbo ule wa toba. Sehemu ya sauti ya kwanza sijampa mtu mwingine. Achieng', ukitaka, imba hapohapo ulipoketi. Usipotaka, tutanyamaza sote mpaka sehemu yako ipite.