Bi Mwatumu Gharibu: Shahada ya Historia, Miaka Ishirini na Saba kwenye Kadi za Wagonjwa

Tarehe 30 Juni 1998, Bi Mwatumu Gharibu, Mtunza Kumbukumbu wa Hospitali ya Rusenga, anastaafu kwa mujibu wa sheria. Ametimiza miaka hamsini na mitano ya umri na ishirini na saba ya utumishi, yote katika chumba kimoja chenye dirisha dogo linalotazama foleni ya wagonjwa wa nje. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Herieth Kasian, Muuguzi Mkuu, niandike wasifu huu kwa kuwa tumefanya kazi pamoja kwa miaka kumi na tisa. Nilikubali haraka. Nilipokaa kuandika ndipo nilipokumbuka kuwa kuna jambo moja siwezi kulieleza bila kujitaja mwenyewe kwa ubaya. Nitalieleza.

Bi Mwatumu alizaliwa Handeni mwaka 1943. Baba yake alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo, na nyumba yao, kwa maelezo yake, ilikuwa na karatasi nyingi kuliko sahani. Mwaka 1971 alihitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, shahada ya Historia, na mara moja akaomba kazi ya kutunza nyaraka za kale. Hiyo ndiyo kazi aliyoitaka tangu akiwa msichana. Barua ya majibu ilisema amepangiwa kazi ya Mtunza Kumbukumbu, Kasulu. Alifurahi sana. Alidhani huku milimani yako majalada ya enzi za Wajerumani yanayomsubiri yeye.

Alisafiri kwa treni na lori, siku nne. Alipofika Rusenga alifunguliwa mlango wa stoo na kuonyeshwa makatoni kumi na saba ya kadi za wagonjwa, mengine yameliwa na mchwa. Aliandika barua kueleza kuwa kumetokea makosa. Ofisi iliyompanga ikamjibu kwa mistari miwili: kumbukumbu ni kumbukumbu, na avute subira ya miezi mitatu wakati suala lake linashughulikiwa. Barua hiyo bado anayo, na suala lake, kwa kadiri tunavyojua, bado linashughulikiwa.

Kazi aliyopewa ilikuwa ya mtu wa darasa la nane. Hapakuwa na mwenye shahada mwingine hospitalini isipokuwa daktari. Wapo waliomcheka kwa siri, na wapo waliomcheka waziwazi.

Shida yake ya kwanza ilikuwa lugha. Siku yake ya tatu dirishani, mhudumu wetu mmoja, mzaliwa wa hapa, alimsaidia kumhoji mtoto mgonjwa. Akamwinamia mtoto na kumuuliza kwa upole, "Nyoko yitwa nde?" Bi Mwatumu, mtoto wa Handeni aliyelelewa kwa adabu, alisimama, akafunga dirisha na kwenda kumshtaki mhudumu kwa kumtukana mtoto mdogo. Ilibidi wazee wawili waitwe kumweleza kuwa kwa Kiha, na kwa Kirundi pia, mtu huyo alikuwa ameuliza tu jina la mama yake. Mwenyewe husimulia kisa hiki vizuri kuliko mimi, na hulitamka neno lenyewe bila kupepesa macho, hata mbele ya wakwe zake wa Nyakitonto, alikoolewa.

Shida ya pili ilikuwa majina. Kadi zilipangwa kwa majina ya ukoo, kama inavyofanyika kwingi. Huku kwetu kila mtoto hupewa jina lake. Kaka, dada na baba wa nyumba moja wanaweza kuwa na majina matatu yasiyofanana, wakati watu ishirini wasiojuana kabisa wana jina moja. Walipoingia wakimbizi wa mwaka 1972 kutoka Burundi, makatoni yakawa hayana maana tena. Mtu akirudi kutibiwa, alianzishiwa kadi mpya kama vile hajawahi kuugua.

Bi Mwatumu aliyapanga upya kwa miezi minane. Kila mgonjwa alimuuliza maswali manne: jina lako nani, mama yako anaitwa nani, umetoka mlima gani au kijiji gani, na ni nani hapa anayekufahamu. Kila kadi aliipa namba. Tulipomuuliza alikoupata utaratibu huo, alisema chuoni walifundishwa kutoamini habari yenye chanzo kimoja.

Maswali manne huchukua muda. Wagonjwa walimpa jina la Bibi Maswali. Mwaka 1991 alipokuja Daktari Felisiani kuwa Mganga Mfawidhi, foleni ile ilimkera kuliko mtu yeyote. Alimwita Bi Mwatumu ofisini mara mbili. Mara ya pili nilikuwepo.

"Bi Mwatumu, hapa ni hospitali, si makumbusho. Jina na umri vinatosha."

"Daktari, jina na umri havijawahi kutosha hapa."

"Ni agizo."

Bi Mwatumu akaitikia kuwa amesikia. Alirudi dirishani na kuendelea kuuliza, ila kwa sauti ya chini.

Oktoba 1993 nchi jirani ilichafuka tena. Wiki chache baadaye Kibondo na Kasulu zilijaa watu, na malori ya kambini yakawa yanatushushia wagonjwa asubuhi na jioni. Watumishi tulikuwa wale wale. Bi Mwatumu aliishiwa kadi, akaanza kukata maboksi ya dawa na kuandika nyuma yake. Tulimwomba, mimi nikiwa wa kwanza, aache maswali yake hadi hali itulie. Hakuacha. Nilisema maneno siku hiyo ambayo siyarudii hapa.

Sasa nafika kwenye jambo lile.

Jumanne moja ya Machi 1994, lori lilileta wasichana wawili wa kambi moja. Wote waliitwa Ndayikeza, wote walikuwa na miaka ishirini, wote hawakuwa na damu mwilini. Mmoja alikuwa amejifungua na kuvuja sana, mwingine alikuwa na malaria kali. Niliwalaza wodi moja, vitanda vinne kati yao. Tulichukua damu yao kwenda kupimwa kundi. Saa saba mchana maabara walileta chupa ya kwanza ya damu ya kuwaongezea, imeandikwa Ndayikeza. Yule aliyejifungua alikuwa ameanza kupoa mikono. Niliitundika chupa kwake, nikatafuta mshipa.

Wakati huohuo mtu wa maabara alikuwa amepita dirishani kuomba kadi ya Ndayikeza ili aandike matokeo. Bi Mwatumu akatoa kadi mbili na kumuuliza ni yupi. Akajibiwa, "Yule aliyejifungua, nadhani." Neno "nadhani" lilimtoa kwenye kiti. Aliacha foleni ya watu sitini wakinung'unika, akaja wodini akitembea haraka, kadi mkononi.

"Sista, subiri kidogo."

"Bi Mwatumu, huyu anakufa."

"Ndiyo maana nakuomba usubiri."

Hakuningoja nimjibu. Alimwinamia msichana, akamshika shavu, akamuuliza kwa Kirundi chake cha lafudhi ya Handeni, "Nyoko yitwa nde?"

Msichana akanong'ona, "Kezia."

Bi Mwatumu aliinua macho akasoma namba iliyoandikwa chini ya jina kwenye chupa, kisha akanionyesha kadi yenye namba ile ile. Mama: Esteri. "Damu hii ni ya yule wa kitanda cha dirishani," alisema. Wasichana wale walikuwa na makundi tofauti. Kama ile damu ingeingia, tungemuua mzazi mchanga kwa mikono yetu, na pengine tusingejua kamwe kilichomuua.

Namba ilikuwa kwenye chupa tangu mwanzo. Sikuisoma. Niliona jina, likanitosha.

Damu ya binti wa Kezia ililetwa kabla ya saa nane. Wote wawili walipona, wakaruhusiwa wiki moja na nusu baadaye, mmoja akiwa na mtoto mgongoni.

Daktari Felisiani alipopata taarifa alikwenda mwenyewe chumba cha kumbukumbu na kukaa juu ya katoni, kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja. Alimuuliza alisomea wapi utunzaji wa kumbukumbu za hospitali. Bi Mwatumu akamwambia hakusomea, alisomea Historia. Daktari alikuwa amedhani miaka yote mitatu kuwa huyu ni karani wa kidato cha nne. "Nimekuuliza mara ngapi kwa nini foleni haiendi," alisema, "sijawahi kukuuliza wewe ni nani." Mwezi uliofuata maswali yale manne yalichapwa kwenye kadi zote za hospitali, na mwaka 1996 hospitali nyingine mbili za jirani zilituma watu kuja kujifunza.

Hapo ndipo ingefaa niseme kuwa mambo yalimalizika vizuri na kila mtu akaridhika. Lakini mwaka 1995, miaka ishirini na minne baada ya ombi lake, Bi Mwatumu aliona tangazo gazetini la nafasi ya kutunza nyaraka za kale Dar es Salaam. Aliomba likizo, akaenda, akahojiwa, akaipata. Barua ya kuajiriwa ilipofika aliisoma mara mbili mbele yangu, akaikunja na kuiweka ndani ya mkoba. Alikaa nayo siku tisa. Mumewe, Mzee Gharibu, alimwambia yuko tayari kuhama, mashamba yatatunzwa na ndugu. Siku ya kumi alijibu kuwa anashukuru lakini hatakwenda.

Nilimuuliza kwa nini. Alisema, "Kule hakuna mtu anayeingojea karatasi dirishani." Kisha akalia, si kidogo. Nilikaa naye mpaka akamaliza.

Mwaka jana wanafunzi wa kidato cha sita walitutembelea kuangalia kazi mbalimbali. Binti mmoja alimuuliza moja kwa moja kama haoni alipoteza miaka mitatu chuo kikuu. Sote tulitegemea jibu la kutia moyo. Alimwambia hivi: "Kazi niliyoisomea sikuipata. Niliitaka, na ilinichoma moyo kwa miaka mingi, usije ukadanganywa na mtu kuwa haikunichoma. Nilichopata ni namna ya kuuliza. Imenifaa. Lakini wewe ukiipata kazi uliyoisomea, ichukue." Walimu wao waliangaliana. Binti yule aliandika kila neno.

Yapo mengine ya kukumbuka, nami nitataja moja. Mwaka 1996 alikuja mama wa Kirundi, Ndayikunda, mfanyabiashara wa maharage wa Manyovu, kutibiwa jicho. Alipoulizwa ni nani hapa anayemfahamu, alijibu hakuna, ndugu yake pekee alipotea njiani mwaka 1972. Bi Mwatumu akamuuliza jina la huyo ndugu, jina la mama yao na mlima wao. Alifunga dirisha saa za chakula, akaingia kwenye makatoni ya zamani. Kadi ilikuwepo, ya mwaka 1973: Mpawenimana, kidonda cha mguu, mama yule yule, mlima ule ule, anafahamika na mzee mmoja wa Titye. Mama Ndayikunda alipanda lori la maharage kwenda Titye keshoye. Alimkuta kaka yake akipalilia, ana wajukuu tisa. Kwa miaka ishirini na minne walikuwa wakiishi mwendo wa siku moja kati yao, wote wakinunua chumvi kwenye mnada mmoja.

Chumba cha kumbukumbu anakabidhiwa Ndugu Tharsisi, kijana mwenye cheti cha utunzaji wa kumbukumbu za hospitali, wa kwanza kati yetu kuisomea kazi hiyo hasa. Wamekaa pamoja kwa miezi minne. Bi Mwatumu anasema kijana anajua mambo mengi ambayo yeye aliyagundua kwa kukosea, na amemwomba kitu kimoja tu, asifunge dirisha kabla mtu wa mwisho hajajibu.

Yeye anahamia Nyakitonto, ambako ameotesha miche mia tatu ya kahawa. Kuhusu kahawa hakusomea chochote. Amekwisha kumchosha bwana shamba kwa maswali.

Bi Mwatumu, hospitali inakushukuru kwa kila kadi. Mimi nina deni langu la pekee. Siku ile ya Machi, ulipotoka wodini, sikukushukuru. Niliona aibu mbele ya wauguzi wadogo, aibu ikageuka hasira, na kwa wiki mbili nilikusalimia kwa kutikisa kichwa tu. Hukunilaumu wala hukulitaja jambo lile kwa mtu yeyote. Daktari alilisikia kutoka kwangu. Miaka minne nimelala salama kwa sababu wewe uliinuka kwenye kiti chako. Asante, dada yangu. Nimechelewa kulisema, nalisema leo mbele ya wote.

Nenda ukapumzike kwa afya njema na moyo mweupe, wewe na Mzee Gharibu, na kahawa yenu izae. Tutakuja kuinywa.