Hakuugua kwa Muda Mfupi: Historia ya Generoza Milembe Bujiku

Padri, ndugu waombolezaji, majirani wa Somanda, na ninyi wakwe zetu mlioketi chini ya turubai la mbele, karatasi hii inasomwa na Masalu, mdogo wake marehemu, dereva wa malori aliyefika Kampala, Lusaka na Lubumbashi, na ambaye, kama mtakavyosikia, safari zote hizo hazikumfikisha kwenye akili. Ukoo ulimwandalia historia nyingine, inayosema marehemu "aliugua kwa muda mfupi", naye ameikunja na kuitia mfukoni, itamfaa kuwashia moto wa matanga.

Generoza Milembe binti Bujiku alizaliwa kijijini Mkula tarehe 14 Aprili 1951, akasoma hapo hapo kuanzia mwaka 1960, akamaliza darasa la nane mwaka 1967, hesabu akizifanya za kwake na za Masalu pia, ndiyo maana mmoja alifaulu maishani na mwingine akapewa usukani. Tarehe 7 Oktoba 1972 alifunga ndoa na Nyanda, fundi cherehani wa hapa Bariadi, wakajaliwa watoto watatu, wawili wakafariki wangali wachanga, akabaki Jenifer, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1979, na Nyanda mwenyewe akatutoka mwezi Mei 1991.

Mwaka 1985 aliajiriwa na chama cha msingi kuwa karani wa mizani, akipima pamba ya wakulima kwa miaka kumi na mmoja bila hata siku moja kuegemeza goti kwenye gunia ili kupunguza kilo za mkulima, na wenye pamba walimwamini kuliko mizani yenyewe. Soko lilipofunguliwa, wakaja wanunuzi binafsi, kila mmoja na mizani yake na goti lake, chama kikayumba, na tarehe 31 Julai 1996 kikafungwa, mizani ikapakiwa kwenye gari, na karani akaambiwa akapumzike nyumbani.

Akapumzika, ndugu zangu, mpaka kupumzika kukawa ugonjwa. Ninyi mnajua Wasukuma tunavyoamkiana, mtu na mtu wanasimama njiani mpaka ng'ombe wanajitangulia wenyewe, lakini Milembe ukimwambia, "Mwangaluka, ng'wana Bujiku," alikutazama kama ukuta, hali, halali, haogi, na watu wakasema anaringa, baadaye wakasema amerogwa, na waliosema wapo hapa wanakula pilau.

Tarehe 3 Agosti 1998 Jenifer alimpeleka kliniki ya Mwanza, akapokelewa na muuguzi Lukresia, aliyempa vidonge vya amitriptilini na maneno mengi kuliko vidonge, kwamba hivi si vya usingizi wala si vya vichaa, ni dawa ya huzuni iliyokwisha kuwa ugonjwa, kwamba havifanyi kazi kwa siku moja bali baada ya wiki kadhaa, kwamba mdomo utakauka, choo kitafunga na kizunguzungu kitampata akisimama ghafla, na kwamba siku ya kuviacha ikifika watavipunguza pamoja, kidogo kidogo, asithubutu kuvikata mwenyewe. Mdomo ukakauka kweli, akawa anatembea na chupa ya maji, Masalu akamwita rejeta inayovuja, naye wiki ya tano akamjibu, "Bora rejeta, mdogo wangu, wewe hata injini huna," na nyumba nzima ikacheka, kwa sababu Milembe alikuwa amerudi.

Alikaa vizuri miaka mitatu na zaidi, mpaka wakwe walipotangaza kuja kuzungumzia bukwi, ng'ombe wa mahari ya Jenifer. Kila mtu hapa anajua kwamba ng'ombe hawaingii kabla ukoo haujachunguzwa, kama una ukoma, kama una kifafa, kama una kichaa, basi baba mdogo Shigela akaitisha kikao na kusema, "Wakiona yale makopo ya dawa, ng'ombe watageukia njiani." Tarehe 10 Desemba 2001 Masalu, msomi wa barabara, alilichukua kopo la dada yake na kulimwaga chooni, akatamba kwamba huko kote alikopita hajaona mtu aliyetibiwa huzuni na kidonge.

Siku ya tatu Milembe alitoka jasho, akatapika, akatetemeka, usingizi ukamkimbia, na wenye hekima wakapiga makofi, "Mnaona? Zilishamfanya teja!" Tarehe 15 wakwe walipofika, alikuwa chumba cha nyuma chini ya blanketi, na mama mkwe, Esteria, alipouliza, "Yuko wapi mama wa mizani?" akajibiwa kwamba amekwenda msibani Magu. Mtetemeko ulipopungua ule ugonjwa wa zamani ukarudi, akawa anasema, "Nipelekeni kwa Lukresia," naye Masalu akimjibu, "Dada, subiri kwanza ng'ombe waingie," na badala ya Lukresia akapelekwa kwa mganga, akafukizwa moshi wiki sita, akila kwa shida, mpaka kifua kikamjaa.

Tarehe 4 Machi 2002 alifikishwa hospitali, na Lukresia, aliyepanda basi kutoka Mwanza baada ya Jenifer kumpigia simu, alimuuliza Masalu, "Wewe dereva, ukishuka mlima na mzigo, unazima injini?" Akasema hazimi. "Unafanyaje?" Akasema anashusha gia moja moja. "Sasa kwa nini dada yako ulimzimia?" Muuguzi akaeleza kwamba mwili uliozoea dawa si mwili wa teja, na mtetemeko ule ulikuwa wa kukatiwa ghafla, si ushahidi kwamba dawa ni sumu. Dada yake alifariki kwa nimonia, Jumapili tarehe 10 Machi, saa kumi na moja alfajiri.

Kesho yake Esteria alikuja na kusema jambo aliloruhusu lisomwe hapa, kwamba yeye na Milembe walikuwa wakikaa benchi moja pale kliniki, wakinywa dawa ile ile, na kwamba ni yeye aliyemwambia mwanawe, "Oa kwa yule mama." Baba mdogo Shigela, tulimficha mtu asionwe na yule aliyekuja kumtafuta.

Familia inawashukuru madaktari waliopigana na kifua kilichocheleweshwa na sisi, makarani wenzake waliochimba kaburi, majirani walioleta kuni na maji, na muuguzi Lukresia, ambaye hatujui tumtazame vipi. Na kama kuna mtu chini ya turubai hili amefunga vidonge vyake kwenye pindo la kanga, avinywe, vikimsumbua akamwambie aliyempa, na ndugu yeyote atakayevigusa ajue Masalu ana lori na anajua kwake.

Dada, Masalu anakuamkia, mwangaluka, safari hii usipoitika ana haki ya kunyamaziwa. Pumzika, Milembe, kwa amani ile uliyokuwa nayo kwenye kopo, nasi tukaimwaga.