Kipande cha Nta cha Gozbert

Kijiwe kimoja cha mtaa wa Keko kilikuwa ubao mmoja juu ya magogo mawili, mbele ya karakana ya Gozbert, fundi vitanda. Ulikuwa mwaka ule televisheni zilipoanza kung'aa kwenye maduka ya mjini. Adhuhuri moja Gozbert alikuwa ameweka gotini kipande cha nta, kidogo kuliko kiberiti, chenye kinyama kilichokatwa kwenye utumbo wake mpana. Daktari alimwambia ni saratani, lakini si ile wanayoiona kila siku. Akipeleke kwa mtaalamu wa hospitali kubwa aitambue aina yake, maana dawa hutegemea aina.

— Kama si ya kawaida, basi ni ndogo, alisema Marijani, aliyeitwa Daktari kwa kuwa aliwahi kufua mashuka hospitalini. Kubwa zote zinajulikana.

— Daktari wa mashuka umeanza, alidakia Badru Redio. Hii ishu ni mafuta ya kopo. Tangu waruhusu kila mtu alete bidhaa, matumbo yetu yanapokea vitu yasivyovijua. Na ugonjwa nao umekuja na meli, ndo maana hauna jina.

— Mie nasema ni vanishi ya vitanda, alisema Nassibu, muuza kahawa. Braza kainusa miaka ishirini. Imeshuka, imeganda. Anywe maziwa ya moto, ipande.

— Ipande iende wapi? aliuliza Marijani.

— Itokee puani, ilikoingilia.

Walicheka. Gozbert naye alicheka, mkono tumboni. Aliyapenda mabishano yao. Maadamu walikuwa bado wanabishana, kitu kile kilikuwa bado hakijawa kitu.

Akaja Demetria, mshona mapazia wa kibanda cha pili, kuulizia rafu aliyoiagiza. Akakiona kile kipande, akakiinua kwa vidole viwili.

— Hiki umepewa leo, kaka Gozbert?

— Wiki ya tatu hii.

Marijani alishusha kikombe. Wote walidhani ni cha asubuhi ile.

— Sasa mbona bado kiko hapa? aliuliza Demetria.

Badru alitazama barabarani. Nassibu aligusa birika, akaliacha.

Gozbert alikizungushia leso kile kipande, taratibu, kona kwa kona.

— Dada Demetria, alisema, naogopa kwenda peke yangu.

— Hospitalini wanapokea mpaka saa ngapi?

— Saa nane.

Demetria alirudi kibandani kwake kufunga mlango, waende wote.